Kompyuta Iliyoongeza Jina

Kwanza ilikuwa harufu ya udi. Salvina alidhani inatoka kwa majirani, mpaka alipoinamia kompyuta mpya akaisikia ikitoka kwenye matundu ya nyuma, pamoja na joto la mashine.

Ilikuwa mwaka 2007. Kompyuta ile, yenye mfumo mpya uliokuwa ndiyo kwanza umetoka, ilikuwa na wiki mbili tu katika kibanda chake cha kuchapa, karibu na soko la Moshi. Siku hiyo alichapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Rau. Karatasi ilipotoka, chini ya jina la marehemu palikuwa na jina jingine: Basili. Huyo alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili, mzima wa afya, anapiga mluzi. Siku ya tatu alifariki.

Ratiba iliyofuata ilijiongezea jina la Eliaichi wa Mwika. Mama yake Salvina.

Hakulia. Alimwita Vikram, fundi aliyemuuzia.

"Toa huu mfumo. Niwekee ule wa zamani."

"Dada, kazi zako zote zitafutika," Vikram alinong'ona, macho mlangoni. "Na hiki kitu mimi nakiogopa. Tuitupe kompyuta yenyewe."

"Nikiitupa ataiokota mwingine. Weka sidii ya mfumo wa zamani."

Vikram akaitumbukiza kwenye mashine, na papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima, feni zikasimama, redio za majirani zikanyamaza, lakini kompyuta ikaendelea kuwaka, na ndani ya spika ikapanda sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu aliyekuwekea mdomo sikioni, huku udi ukizidi hadi macho yakawawasha, na mbao za kibanda zikigongwa kwa nje, ingawa nje kulikuwa mchana mweupe na kina mama walipita na ndizi zao bila hata mmoja kugeuka.

"Salvina, niache nikae. Jina la mama yako nitalifuta. Nitaandika la jirani."

Vikram alitoka mbio.

Kwenye skrini lilibaki swali moja: afute vyote, au aache? Kidole cha Salvina kilikuwa kizito kama si chake.

"Jirani naye ana mama wa kumlilia," alisema. "Rudi ulikotoka."

Akabonyeza. Ukelele ukapasua spika, kisha kimya. Umeme uliporudi na mfumo wa zamani ukawaka, kibanda kilinuka vumbi tu.

Siku ya tatu tangu jina la mama yake litokee, alipanda Mwika asubuhi mapema. Alimkuta mama yake shambani, akamwamkia, akaandamana naye mgomba kwa mgomba kutwa nzima, asimwondolee macho, hata jua likaanza kuzama.

Mama akasimama, mkono kiunoni.

"We mtoto, mbona unanitazama kama maiti? Shika panga. Mkungu huu hauji chini kwa kuangaliwa."