Mguu Ulioshona Wenyewe

Mke wa fundi cherehani ndiye aliyecheka wa kwanza. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Mumewe alikuwa ameweka mguu kwenye pedali. Mara mguu ukaanza kurukaruka wenyewe, pedali nayo ikaufuata.

"Baba watoto, siku hizi mguu wako unashona bila wewe!"

"Uache ufanye kazi, mimi nipumzike," fundi alijibu.

Nyumba nzima ikaushika utani huo. Alipojikwaa kizingitini, walimcheka. Vidole vikamshinda kufunga vifungo vya shati, yeye aliyeshona vifungo maisha yake yote. "Unazeeka, bwana wee," mke akamwambia. Mwaka ukapita hivyo hivyo.

Siku moja muuguzi, jirani yao, alifuata sare yake. Akauona ule mguu. Hakucheka.

"Fundi, mguu huo umeanza kuruka lini?"

"Mwaka jana, dada."

"Na mikono? Inakufa ganzi?"

"Sana. Shingo pia inauma. Kesho kuna mtu anakuja kuninyoosha shingo."

"Thubutu! Asikuguse shingo. Twende hospitali leo hii."

Daktari alimgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Aligonga kidogo tu, lakini mguu uliruka nusura umpige daktari. Kisha fundi akapigwa picha ya shingo.

"Ubongo hutuma amri miguuni kupitia mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo," daktari alieleza. "Amri hizo ndizo hutuliza misuli. Mshipa wako huo umebanwa na mifupa ya shingo, ndiyo maana mguu unaruka kupita kiasi. Yapo magonjwa mengine yanayoleta hali hii, hata presha kali ya wajawazito. Ukiiona, usikae nayo nyumbani."

"Atapona?" aliuliza mke, aliyekuwa amefuatana nao.

"Upasuaji utazuia isizidi. Kilichokwisha kuharibika siwezi kuahidi. Mngekuja mapema, mama..."

Mke aliinamisha kichwa. Aliona aibu mbele ya mumewe.

Fundi alipasuliwa. Sasa anatembea kwa fimbo wala hajikwai, na mguu umetulia kwenye pedali. Ila vidole havijarudi sawasawa. Kila asubuhi mkewe humfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

"Taratibu, mama watoto, unanitekenya," fundi hutania. "Mbona siku hizi hucheki?"

"Nilicheka vya kutosha mwaka ule," hujibu, na kumfunga kifungo cha juu.