Paneli Iliyopimwa Gizani

Kila jioni mshonaji alikaa kwenye cherehani yake chini ya taa ya sola, kitinda mimba wake akitambaa karibu. Mwezi huo taa ilianza kufifia. Tundu la sindano halikuonekana tena, na nguo za wateja zikalala mezani.

Siku moja mchana alirudi kutoka kununua vifungo. Alikuta paneli moja kati ya zile mbili za paani imeshushwa na kuvunjwavunjwa uani. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa na nyundo mkononi. Mtoto alikuwa ameketi kwenye vipande vya kioo, kiganja kinavuja damu.

Alimnyakua mwanawe. Akafoka.

"Shemeji, una wazimu?"

"Hasira hasara, shemeji. Paneli zote mbili zimekufa. Natoa fremu, alumini ni mali. Ile ya pili inafuata."

"Thubutu uiguse!"

Alimwosha mtoto, akamfunga kidonda kwa kitambaa safi. Kisha akamwita jirani yake, fundi wa sola. Dada yule alikuja na mita yake ya kupimia umeme. Alipoona vioo, naye alikunja uso.

"Nani kasema zimekufa?"

"Nilizipima mwenyewe jana," shemeji alijibu, kifua mbele. "Hazikutoa umeme hata chembe."

"Saa ngapi?"

"Jioni, jua limeshazama. Mchana bati linaunguza."

"Umepima paneli ya jua bila jua, kaka?"

Fundi alipanda paani, akafuta vumbi na mavi ya ndege, akapima.

"Hii ni nzima," alisema. "Imezeeka, nguvu imepungua, lakini inatosha kuwasha taa. Tatizo si paneli, ni waya uliounganisha zote mbili. Umeliwa na kutu."

Alibadilisha waya. Mshonaji akaonyesha vile vipande.

"Na hii?"

"Hii haitengenezeki. Lakini usiichome, wala usiitupe jalalani. Ndani mna madini ya risasi, ni sumu. Yakiingia kwenye udongo, mtoto atayala na mchanga. Okoteni kila kipande kwa glavu nene, mtie kwenye ndoo yenye mfuniko. Pelekeni kwa wanaokusanya taka za umeme. Wao hutenganisha kioo, alumini na shaba, vikatumika tena."

"Mchuma janga hula na wa kwao," mshonaji alimwambia shemeji yake. "Wewe umepiga nyundo, mwanangu ametoka damu. Haya, okota!"

Shemeji alivaa glavu, akaokota akiwa amepiga magoti mpaka ua ukawa safi. Akaibeba ndoo mwenyewe hadi kwa wakusanyaji.

Jioni ile taa iliwaka vizuri. Mshonaji alimaliza gauni la kwanza, mtoto amelala kando yake. Shemeji alisimama mlangoni, akaitazama taa.

"Kumbe ilikuwa nzima," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata ile nyingine ilikuwa nzima," mshonaji alijibu, akaendelea kushona.