Somo Lililomfikia Nyanzala

Soko la Makanyagio lilikuwa limefurika, mkesha wa Pasaka, Rosine alipokanyagwa mguu na kijana mrefu aliyebeba jogoo kwapani.

"Samahani, dada. Huyu amenizibia njia."

"Jogoo ndiye anakuendesha?"

Kijana akacheka, macho yakiganda kwenye gauni la Rosine la kitenge cha njano. Aliitwa Anselmo, Mpimbwe wa Kibaoni, mhadhiri mpya wa wanyamapori chuo kikuu. Rosine, mzaliwa wa Mishamo, alifundisha chuo hichohicho, akiongoza kamati iliyoandaa vigezo vya ubora wa masomo mseto, yale yanayosomwa nusu darasani, nusu mtandaoni.

"Kumbe wewe ndiye utakayenipima."

"Nikikupima usilie."

Wiki hazikuwa nyingi wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali mkavu. Mboga yangu uko mbali."

Somo la kwanza kupimwa likawa la Anselmo, lililokuwa tayari likifundishwa kwa majaribio. Video zake zilipendeza mno, na Rosine akalikataa. Zilikuwa nzito, wanafunzi wa vijijini hawakuweza kuzifungua. Wajumbe walikatazwa kusema lolote nje ya kikao, hivyo Anselmo aliyasikia mbele ya wakubwa wake, kutoka kinywani mwa mpenzi wake.

"Jana uliniita mpenzi huku unajua?" alimuuliza koridoni.

"Nilijua. Sikuruhusiwa kusema."

"Basi kaa na vigezo vyako."

Akaacha kupokea simu zake. Rosine alipiga, akapiga, mwisho akanyamaza.

Likizoni Anselmo alirudi Kibaoni akiwa bado na hasira. Dukani akasalimiwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake Nyanzala. Alikuwa mwanafunzi wake, na hawakuwahi kuonana, maana vipindi vya darasani vilikuwa bado. Akamwonyesha simu: video ya somo ilikuwa inazunguka tu, haifunguki.

"Mwalimu, mimi hata sauti yako leo ndiyo naisikia."

Maneno yale yalimkosesha usingizi. Akalivunja somo lote, akalijenga upya kwa sauti fupifupi na picha nyepesi, na siku moja ya wote kukutana mbugani. Kamati ikalipitisha. Ndipo akampigia Rosine.

"Njoo mbugani Sitalike Jumamosi. Nyie mmeshapima. Njoo uone tu."

Alikuja, kajifunga kilemba cha bluu, hana maneno mengi. Gari likawashusha pamoja na wanafunzi karibu na mto Katuma. Kiangazi kilikuwa kimeukausha mto ukabaki dimbwi la tope, na ndani yake viboko wamelaliana, mgongo juu ya mgongo, hata maji hayaonekani. Mmoja akanguruma, wote wakaitikia, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyao.

Kisha Nyanzala, bila kuulizwa, akaanza kuwaeleza wenzake kwa nini madume mahasimu huvumiliana katika dimbwi moja maji yakipungua. Alieleza kwa utulivu, akaongeza aliyoyaona mwenyewe utotoni. Anselmo akamsogelea Rosine.

"Amejifunza kwa simu ileile iliyoshindwa kufungua video zangu," alinong'ona. "Rosine, mimi nilitaka nisifiwe. Wewe ulimtaka yeye afikiwe. Nisamehe."

"Na mimi ningeweza kukuambia nimebanwa, hata bila kutoa siri. Uliniumiza uliponyamaza, Anselmo."

"Sitanyamaza tena. Nataka nije kwenu Mishamo na wazee wangu."

Rosine aliwapa viboko mgongo, akamgeukia.

"Ego," akakubali kwa Kirundi cha mama yake, akampa mkono mbele ya wanafunzi wote.