OWINO ALINITANGAZIA UJANE REDIONI

"Bashir, msimamizi wa nyumba Nakasero, amefariki kwa ajali ya gari njia ya Jinja. Amezikwa huko huko na Waislamu wenzake. Tangazo limeletwa na rafiki yake, Owino..."

Kisu cha kumenyea matoke kikanidondoka.

Jamani! Nimekuwa mjane kwa kusikia redio ya jirani!

Nilipiga ukelele, watu wakatoka ghorofani mbio wakidhani wanajeshi wamekuja tena.

Mimi ni Hajara, bibi mzima sasa. Simu naiweza kuliko wajukuu zangu, kwa hiyo asije mtu kwenye komenti kuniuliza nani kaniandikia. Haya yalinipata Kampala, enzi za wanajeshi, mwaka mmoja baada ya Wahindi kufukuzwa.

Mhindi aliyemwajiri mume wangu aliondoka na sanduku moja. Ghorofa lake, ambalo sisi tulikaa chumba cha mfanyakazi humo humo, likagawiwa Kapteni mmoja. Jina lake silitaji, hata leo linanichefua.

Bashir alimkabidhi funguo zote. Kapteni akafungua stoo ya chini, akakuta tupu.

"Dhahabu ya Muhindi iko wapi?"

"Afande, hakuna dhahabu."

"Kesho nakuja. Unaonyesha ama unakufa."

Kesho yake Bashir alitoka alfajiri, hakurudi. Nilimtafuta Nakawa, nikamtafuta Kasubi kwa ndugu zake, nikafika hadi lango la kambi wakanifukuza kwa kitako cha bunduki.

Ndipo likaja tangazo lile...

Na huyo Owino ni nani? Mjaluo wa Kenya, dalali wa nyumba, kipenzi cha Bashir. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao: madalali, wakusanya kodi, wasimamizi, walinzi wa majumba. Wahindi walipoondoka wengi wao walibaki bila kazi, na bila pa kulala pia, maana chumba cha mfanyakazi huenda na kazi yake. Basi wakawa wanabebana. Mwenye unga analeta unga. Mwenye funguo za nyumba tupu analaza watoto wa mwenzake.

Matanga yakaanza. Chama kilileta mkaa, sukari, majani ya chai. Owino alisimama mlangoni, hanitazami usoni.

"Shemeji Owino, uliuona mwili?"

"Niliona, shemeji."

"Kwa nini hukunijia kwanza? Kwa nini nisikie redioni kama mtu baki?"

Akainama kupanga mkaa! Mtu mwenye mdomo wa kuuza nyumba isiyo na paa, leo anapanga mkaa?

Kapteni naye akaja. Akaingia na viatu juu ya mkeka.

"Wewe bibi! Bwana yako nakufa kweli?"

Nilijipigiza kichwa ukutani mpaka Rahima, jirani yangu, akanishika kwa nguvu. Kapteni alinitazama weee... kisha akacheka.

"Huyu nalia kweli. Basi. Matanga naisha Ijumaa, Ijumaa unatoka. Hii nyumba ya mimi."

Wenzangu, mnajua kukata tamaa? Sina mume, sina kaburi la kulilia, sasa sina hata ukuta wa kuegemea!

Baada ya siku mbili Owino akarudi, jasho linamtiririka.

"Shemeji, funga mizigo. Kuna gari la Busia mchana huu. Chama kimeshalipa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niende wapi? Mimi niko eda!"

"Eda? Hiyo ni kitu gani?"

"Nimefiwa na mume! Sitoki ndani mpaka miezi minne na siku kumi iishe!"

"Miezi?! Shemeji, miezi hatuna! Hata wiki hatuna!"

Wanawake wote wakaguna. Rahima akainuka, mikono kiunoni.

"Wewe Mkristo, toka! Mjane wa Kiislamu humtoi ndani kama gunia la mkaa."

Owino akapiga magoti. Mwanaume mzima! Mbele ya wanawake!

"Hajara, nakuomba. Nisikilize hii mara moja tu."

Hapo hasira ikanipanda mpaka nikaona giza.

"Nimekuelewa! Ulimuuza Bashir kwa Kapteni, sasa unamsafishia nyumba ahamie! Msaada gani huu? Toka, mlaaniwa! Nitakaa eda ya mume wangu hapa hapa, wakitaka waniue!"

Alifungua mdomo. Akatazama wanawake wote waliojaa chumbani, akaufunga. Akatoka analia.

Alhamisi ikafika. Nimelala kwenye mkeka, sijala. Kesho ni Ijumaa na sina pa kwenda.

Akaingia mwanamke mrefu, buibui limemfunika hadi macho. Akaketi karibu yangu kama waombolezaji wengine. Rahima akamsalimia, hakuitikia. Akaashiria kooni, kwamba ana kikohozi.

Rahima akaenda kuchemsha chai. Tukabaki wawili.

Yule mwanamke akanishika mkono. Mkono mgumu, wa mwanaume!

Nikataka kupiga kelele. Akaniziba mdomo.

"Hajara. Inuka twende. Wewe huna eda. Mimi niko hai."

Sauti ya Bashir!

Unajua nilifanya nini? Nilimzaba kofi. Ndiyo! Kofi kwanza, kumkumbatia baadaye.

"Mnanifanya mjane na wewe upo?!"

"Chama kilinificha. Wananihamisha nyumba tupu hadi nyumba tupu. Owino alisema usiambiwe. Kapteni ameshazoea kutazama watu wakilia, kilio cha uongo angekijua. Maiti hatafutwi, Hajara."

"Mbona hakuniambia alipokuja?"

"Mbele ya chumba kizima? Alipanga kukwambia ndani ya gari. Hakujua kama kuna eda."

Mchana ule ule tukatoka, wanawake wawili wa buibui, ndani ya gari jingine lililolipiwa na chama. Kwenye vizuizi vya barabarani nililia, na askari walitupisha. Sikuwa naigiza. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Tukavuka mpaka wa Busia kuingia Kenya, tukafika Mumias kwa mjomba wangu.

Miezi ikapita. Siku moja naona mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, wengine nyuma yake, vumbi mpaka kwenye kope. Adero, mke wa Owino!

"Dada Hajara... Owino amekufa. Kapteni alienda njia ya Jinja kutafuta kaburi, akakuta hakuna, akamrudia yeye aliyetangaza."

Jamani, mimi nikacheka.

Nikamkumbatia, nikamnong'oneza sikioni. "Mdogo wangu, usilie. Na wewe wamekuficha! Hata mimi walinifanyia hivi hivi. Owino anakuja!"

Nikachinja kuku. Bashir akaenda stendi kumpokea rafiki yake, anatembea huku anapiga mluzi.

Adero alinitazama tu nikipika. Niliposonga ugali wa Owino, akanishika mkono.

"Dada, acha. Mimi nilimtoa Namanve, msituni wanakotupa maiti. Nilimwosha mwenyewe. Nilimwona uso."

Mwiko ukaniganda mkononi.

Nje, pale stendi ng'ambo ya barabara, mtu alikuwa anamuuliza Bashir anasubiri gari gani, na yeye anajibu kwa furaha kwamba anamsubiri ndugu yake.

Wasomaji wangu, msaada si unga na sukari tu. Kuna mtu anakubali umlaani hadharani ili wewe upone, na hatarudi kudai shukrani. Kama mna kachama kenu kazini, hata kadogo, msikaache kafe.

Adero nilimpa chumba changu. Mimi na Bashir tukahamia jikoni, mpaka watoto wa Owino wakawa watu wazima.