Chamima Ashinda Kikwapa

Chamima alikuwa mpishi hodari. Kwao Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watu hawakufanya arusi bila kumwita apike wali wa nazi. Mradi wa gesi ulipoleta kazi kule Afungi, karibu na Palma, yeye aliandikwa katika jiko la kambi ya wafanyakazi. Kila siku alfajiri alioga, akavaa sare, akamuaga binti yake Nadia, kisha akapanda basi la kazini.

Jikoni kulikuwa na joto kama tanuri la chokaa. Masufuria yalichemka tangu asubuhi hadi jioni. Sare zao zilikuwa za nailoni nzito. Chamima alitoka jasho hadi likamlowesha mgongo. Hata hivyo aliipenda kazi yake. Mumewe Hamido alikuwa amevunjika mguu, na nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Siku moja alifungua kabati lake kazini. Ndani alikuta sabuni mpya. Juu yake palikuwa na karatasi yenye neno moja: "Oga."

Chamima aliisoma mara mbili. Oga? Yeye alikuwa anaoga mara tatu kwa siku!

Kesho yake msimamizi wa jiko, Dona Catarina, alimwita pembeni.

"Chamima, chakula chako hakina mfano," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wenzako wanalalamika. Wanasema una kikwapa. Mwisho wa mwezi wakubwa watachagua watu wa kubaki. Sitaki nikupoteze. Tafuta dawa. Tuna wiki tatu na nusu."

Jioni Chamima alipanda basi la kurudi nyumbani. Alikaa kiti cha nyuma kabisa ndani ya basi, akageuzia uso dirishani.

Alianza na manukato. Alijipulizia kwapani mpaka nguo ikalowa. Kufika saa sita mchana, manukato na jasho vilichanganyika, na harufu ikawa mbaya zaidi. Akajaribu ndimu na chumvi. Ikamchoma tu. Muuza dawa mmoja wa sokoni akampa vidonge vya rangi mbili. "Fungua, upake unga wake," alimwambia. "Hii inaua kila kitu." Chamima akapaka. Mwisho, kwa kukata tamaa, akachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akajipaka hiyo.

Makwapa yakavimba. Ngozi ikachubuka. Alishindwa hata kujitwisha ndoo.

"Mke wangu, una nini?" Hamido aliuliza.

Chamima akalia. Akamweleza yote. Hamido hakucheka.

"Nenda kwa Inês," alisema. "Leo hii."

Inês alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Kwao ni Mueda, lakini alikuwa jirani yao kwa miaka mingi. Chamima alimkuta uani anachambua kunde.

"Karibu, Mama Nadia. Mbona unatembea kama umebeba mayai kwapani?"

Chamima akamwonyesha. Inês akaacha kunde, akanawa mikono, akatazama vizuri.

"Pole, mwenzangu. Nani kakwambia wewe ni mchafu?"

"Kazini, Dada Inês. Na mimi naoga!"

"Najua unaoga. Sasa niambie, wewe mpishi. Tui la nazi likikaa kwenye joto, linakuwaje?"

"Linachacha."

"Linachachishwa na vijidudu, wadogo mno, jicho haliwaoni. Na kwapani wapo wengi. Kwangu wapo, kwako wapo. Jasho likitoka tu, halinuki. Vijidudu wanakula jasho hilo, na hapo ndipo kikwapa kinapotoka. Haya, tui lililochacha ukilipulizia manukato?"

Chamima alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Litachacha na manukato yake!"

"Ndiyo hivyo. Manukato yanafunika harufu. Wewe unataka kitu cha kupunguza vijidudu."

"Si ndiyo maana nilipaka vile vidonge?"

"Hapana!" Inês alitikisa kichwa. "Vile ni vya kutibu ugonjwa, tena kwa kuandikiwa. Ukivipaka ovyo, vijidudu wanavizoea. Siku mtoto akiugua kweli, dawa inaweza kukataa kufanya kazi. Na dawa ya nguo ni ya nguo. Ngozi si shuka."

Kisha akamweleza la kufanya. Kwanza, kidonda kipone. Asipake kitu cha kuchoma. Aoshe kwapa kwa sabuni laini, alikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Vijidudu wanapenda majimaji.

"Ukishapona kabisa, tumia deodoranti. Soma chupa. Nyingine ni marashi matupu. Tafuta iliyo na kitu cha kupunguza vijidudu, au chumvi za alumini za kupunguza jasho. Paka kwenye ngozi safi na kavu. Ukikosa, kuna shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi. Lilowesha kidogo, sugua, acha likauke. Usipake siku uliyonyoa. Likikuwasha, liache, njoo kituoni."

"Basi?"

"Bado sare. Vijidudu wanabaki kwenye kitambaa. Igeuze nje ndani, sugua pale kwapani, anika juani mpaka ikauke kabisa."

Chamima alifuata yote. Ngozi ilichukua siku tisa kupona. Siku hizo zilikuwa ngumu, kwani wenzake bado walimkwepa. Alipopona, akaanza kutumia shabu kila asubuhi. Lakini alikuwa na sare mbili tu, na wakati wa mvua hazikukauka. Akajipa moyo, akaenda kwa Dona Catarina.

"Naomba sare ya tatu. Si yangu tu. Wote tunavaa nguo mbichi."

Akamweleza habari za vijidudu, na jinsi nailoni inavyozidisha jasho. Dona Catarina alisikiliza mpaka mwisho, akaandika. Siku nne baadaye zikaja sare mpya za pamba kwa jiko zima.

Wiki ile Chamima alipakua chakula tangu asubuhi hadi jioni. Alinyoosha mikono, akainua masufuria, akainama mezani kati ya wenzake wawili. Hakuna aliyesogea. Mmoja wao, Luísa, alimnong'oneza: "Dada, nisamehe. Karatasi ile niliandika mimi. Nifundishe na mimi, maana mwenzio najificha tu kwa manukato."

"Kesho nitakuletea jiwe," alisema Chamima.

Mwisho wa mwezi majina yalisomwa. La Chamima lilikuwa la kwanza, tena kama kiongozi wa zamu. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha usafi wa mwili wafanyakazi wapya.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya watu arobaini.  Alisema neno kikwapa waziwazi, na wanawake waliokaa mbele wakaanza kuuliza maswali. Ndipo Ernesto, dereva wa lori mwenye mabega mapana, akainua mkono kule nyuma.

"Mama, hayo ni ya wanawake. Sisi wanaume yanatuhusu nini?"

"Kaka Ernesto," Chamima alijibu, "vijidudu hawaulizi kama huyu ni mwanamume au mwanamke."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ernesto naye akacheka, akavuta kiti chake, akaja kukaa mbele.