Msusi wa Saa Saba

Siku ya tano tangu wahamie Dankori, Saude alitoka chumbani baada ya usingizi wa mchana akiwa amesukwa nywele.

Barira, mama yake, alikuwa kivulini uani anakunja nguo. Asubuhi ile alikuwa amemfumua mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akamchana, akamwacha hivyo kwa kuwa Rabi, binti mkubwa, alikuwa ameahidi kumsuka mdogo wake jioni. Sasa kichwa kizima kilikuwa na mistari myembamba iliyoanzia kwenye paji la uso, ikazunguka na kuzunguka hadi utosini, kama maji yanayozama shimoni. Barira alikuwa fundi cherehani, macho yake yalizoea mistari ya kila aina. Mtindo ule hakuwahi kuuona Niamey, wala kwao Dosso.

"Nani kakusuka?"

Mtoto alikuwa bado anafikicha macho. "Si wewe, mama? Mikono yako ilikuwa ya baridi."

Rabi alikuwa shuleni. Lawali, baba yao, alikuwa tangu alfajiri mazizini kwa Wafulani akichanja ng'ombe. Barira akajiambia kwamba mji mdogo ndivyo ulivyo, jirani anaingia bila hodi, anakuta mtoto hajasukwa, anamsaidia. Akaamua kumshukuru huyo jirani atakapomjua.

Wasingeweza kulaumiwa kwamba walihama kwa pupa. Lawali alipopata barua ya uhamisho, walikaa mwezi mzima wakiulizia. Waliulizia shule ina walimu wangapi, zahanati inafunguliwa saa ngapi, kisima kinakauka mwezi gani, basi linapita lini. Walipoambiwa kuna nyumba kubwa ya udongo yenye vyumba vinne na ua mpana, iko wazi, walifurahi tu. Kwa nini ilikuwa wazi, hawakuuliza.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mjane aitwaye Tabawa, mkaanga bajia za kunde. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiingia na sahani, anakaa, anapiga soga. Alasiri ile Saude alipokimbilia kwake, Tabawa alikitazama kile kichwa, akaweka upawa chini, akasema leo haji kupiga soga, kuni zake zitalowa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitano. Kuanzia siku ile bajia zilipitia juu ya ukuta, na mwenyewe hakuvuka tena mlango.

Barira alifumua zile nywele jioni. Kesho yake saa saba mchana zilikuwa zimesukwa upya. Akafumua. Zikasukwa. Siku ya nne ya kusukwa huko aliacha cherehani, akaketi chumbani na mtoto, mgongo ukutani, macho kodo. Usingizi ulimchukua kama aliyepigwa rungu, na alipozinduka Saude alikuwa amelala kwa utulivu, kichwa kimeshamalizika, na chumbani kulikuwa na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa.

Siku ya tano aliufunga mkono wake na wa mtoto kwa kipande cha kitenge, akaweka pilipili kavu chini ya ulimi ili asisinzie, na hakusinzia. Jua lilisimama juu ya paa, kuku wakanyamaza uani, sauti za barabarani zikafifia moja moja. Ikaja ile harufu, mbichi na nzito, ikatambaa sakafuni kutoka kwenye kona isiyo na kitu, na Barira alipotaka kuinua mkono akakuta mkono hauinuki, shingo haigeuki, hata kope zimekataa kufumba, ila masikio yanasikia, na alichosikia ni kitana cha mti kikipita kwenye nywele kavu, polepole, kwa subira ya mtu asiye na haraka na lolote duniani, na juu yake mwanamke akiimba kwa kufumba mdomo, wimbo wa kubembelezea mtoto, huku kichwa cha Saude kikiinama upande huu na upande ule kama kinachoelekezwa na kiganja, na nywele zikijigawa, zikijipinda, zikikazwa msuko baada ya msuko mbele ya macho yake, hatua moja kutoka puani pake, na hapakuwa na mikono.

Lawali aliporudi, Barira alimweleza kwa kunong'ona. Lawali ni mtu wa sindano na vitabu, lakini hakucheka. Jioni ile alikuwa amejaribu kufumua msuko mmoja, na safari hii ukamkata kidole.

"Kesho ni siku ya gulio," alisema kwa sauti ya chini. "Panda basi na watoto mwende kwa mama yako Dosso. Mimi nitafuata."

Basi liliondoka saa tatu asubuhi. Nje ya mji kuna korongo pana la mchanga ambalo barabara hulikata. Tairi za mbele ziliposhuka kwenye mchanga, Saude alishika kichwa na kulia. Barira akamkumbatia. Walipofika katikati kilio kiligeuka kitu kingine kabisa, kwa maana ile misuko ilikuwa inajikaza, inavutwa kuelekea nyuma walikotoka, ngozi ya paji la uso ikapanda, nyusi zikapanda, macho yakabaki wazi yasiweze kufumba, na damu ikaanza kuchuruzika nyuma ya masikio, huku abiria wakigeuza nyuso zao madirishani kama watu wasiotaka kuulizwa.

Dereva alisimama bila kuambiwa. Alikuja mwenyewe hadi kwenye kiti chao.

"Shuka naye, dada," alisema taratibu. "Mkirudi nyuma hatua chache maumivu yataisha. Nimeshayaona haya."

Wakashuka. Kila hatua kuelekea mjini, misuko ililegea. Walipopita nyumba ya kwanza ya Dankori, Saude alikuwa anaomba maji ya kunywa.

Mchana ule Lawali alimnyoa mtoto kipara. Chini ya nywele, kwenye ngozi yenyewe, mistari ilikuwepo: makovu membamba yaliyozunguka hadi utosini. Saa saba ilipofika mlango wa chumba ulijifunga, na Saude akasikika ndani akilia, akisema kwa sauti ndogo kwamba hajui zilikokwenda, ni baba ndiye aliyezikata, asimbane. Mlango ulipofunguka alikuwa na alama za vidole mashavuni, nyembamba na ndefu kuliko za mtu.

Barira alivuka ukuta bila viatu. Tabawa alikuwa ameketi mbele ya karai lisilo na moto, kama aliyekuwa anamngoja.

"Ulijua," Barira alisema.

"Nilijua."

"Na ukala na sisi."

"Hamkuniuliza, mwanangu. Mliuliza maji, mliuliza shule." Tabawa alikuwa akizungumza huku akiitazama mikono yake. "Yule alikuwepo kabla ya mji. Anapenda watoto wa kike. Akimsuka mtoto, ni wake, havuki korongo. Nyumba ile ikiwa na watu, anatulia humo. Ikikaa tupu, anahamia kwa jirani. Nina wajukuu watatu wa kike. Ungekuwa mimi ungesema?"

Barira alitaka kumpiga. Alishindwa, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Ni Tabawa huyo huyo aliyempeleka kwa Inna Kande, mganga wa mji ule, bibi mfupi mwenye sauti nzito. Kesho yake Inna alikuja na beseni la maji, akafudikiza kibuyu juu yake, akakipiga kwa vijiti mchana mzima mbele ya chumba kile. Alizungumza na mlango, akanyamaza, akazungumza tena. Mwisho aliinuka amelowa jasho, akawaita wazazi wawili pembeni.

"Hafukuziki," alisema. "Hapa ni kwake, ninyi ndio wageni. Ila si mkatili. Anachotaka ni kichwa cha kusuka na mtu wa kukaa naye mchana. Yuko tayari kubadilishana."

Lawali alitoa kichwa chake hapo hapo. Inna akamwambia kwamba yule hataki wanaume.

Usiku ule Lawali alilia mara moja, kimyakimya, akidhani mwenzake amelala. Asubuhi Barira alifungua kilemba, akafumua nywele zake, akaziosha. Akawapikia watoto uji wa uwele na maziwa, akamwambia Rabi asimwache mdogo wake alale bila kuswaki. Rabi aliuliza mama atawafuata lini Dosso. Barira akasema kuna nguo za watu hajazimaliza.

Saa saba aliingia chumbani peke yake, akaketi mkekani, akaipa kona mgongo. Harufu ilikuja. Baridi ilimgusa kwanza kwenye shingo, kisha vidole kumi vikazama nyweleni mwake, vikatulia, kama mtu anayepima kitambaa. Halafu kitana kikaanza. Alijiandaa kwa maumivu, na maumivu hayakuja. Tangu mama yake alipomsuka utotoni, hakuna aliyekuwa amemshika kichwa kwa upole namna ile, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Siku ya gulio iliyofuata basi lilivuka korongo na Saude amesimama dirishani akipunga mkono. Ngozi ya kichwa chake ilikuwa laini, haina hata mstari mmoja.

Lawali alipata uhamisho mwingine. Kila likizo huwaleta watoto hadi ukingo wa ng'ambo, hawashuki mchangani. Barira huja upande huu, hushuka hadi pale ngozi ya paji la uso inapoanza kuvuta, hukaa chini. Hupigiana kelele kuvuka mchanga: nani kafaulu mtihani, nani kang'oka jino, bibi hajambo. Mwaka huu Rabi amekuwa mrefu kumzidi baba yake. Alimpigia mama yake kelele kwamba akimaliza shule atatafuta mganga mkubwa zaidi, popote alipo, atamtoa.

Barira alimjibu kwamba amesikia. Akatazama kivuli chake, kimekuwa kifupi miguuni; saa saba ilikuwa inakaribia. Akainuka, akajipangusa mchanga, akawaambia jua limekuwa kali, warudi salama. Saude alikuwa bado anazungumza, anaeleza jambo la rafiki yake, sauti inafika nusunusu. Barira alikuwa ameshageuka. Aliupanda ukingo, akaishika barabara ya mjini, na akajikuta anatembea haraka, karibu anakimbia, kwa hofu ya kumchelewesha mwenzake.