Garanti ya Teresia

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipoingiza cherehani yangu ya umeme kwa tuk-tuk pale soko la Gakoromone. Mota ilikuwa imekufa. Bila hiyo cherehani, watoto wangu hawali.

Niliuziwa na jirani yangu Kathuri baada ya kumzika mkewe, Teresia. Risiti ilikuwa na jina la marehemu, na garanti ilikuwa bado haijaisha.

Katika duka ilikonunuliwa, kijana muuzaji aliisoma risiti. "Garanti ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake, mathe. Ukiuziwa na mtu, haikufuati. Wewe ndiye Teresia?"

Nitasema ukweli, Mungu anisamehe. Nilimjibu, "Ni mimi."

Taa zikazimika.

"Stima nayo! Ngoja nitoe tochi stoo."

Nikabaki peke yangu. Halafu ile harufu... udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Tik. Tik. Tik.

Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka. Na waya haukuwa umechomekwa popote.

Sauti ya mwanamke ikaninong'oneza sikioni. "Kama wewe ni Teresia... mimi ni nani?"

Nilitaka kukimbia. Lakini nikawaza sufuria tupu nyumbani, nikashikwa na hasira. Nikaikumbatia cherehani.

"Mimi ni Marcella. Nimedanganya, na hiyo dhambi nitaitubu kwa Bwana, si kwako. Jina ni lako. Garanti ni yako, chukua uende nayo. Lakini cherehani nilinunua kwa jasho langu."

Mkono baridi ukashika wangu.

Ukavuta.

Nami nikavuta. "Kwa jina la Yesu, mama, siachi!"

Ukaachilia. Stima ikarudi.

Kijana alipotoka na tochi nikamwambia mimi si Teresia. Akacheka. "Si ungesema! Basi utamlipa fundi."

"Nitalipa."

Akachomeka waya ajaribu. Mota ikanguruma.

"Lakini hii ni nzima, mathe! Haya, chukua risiti yako."

Haikuwepo. Mahali alipoiweka, juu ya meza, palikuwa na udongo mbichi tu.

Nashona nayo mpaka leo. Ikiharibika, fundi nitamlipa mwenyewe. Ila jioni zingine, nikiwa nimeshachomoa waya, nasikia... tik. Tik.

Naweka mkono juu ya gurudumu. Ni baridi.

"Teresia," namwambia, "nilishakwambia."

Na sitoi mkono.